Vumbi la Bomu na Hesabu ya Askari

Leo nataka kusema juu ya askari wa Marekani waliotumwa kwenye majaribio ya mabomu. Tarehe 1 Machi 1954 bomu lililipuliwa Bikini, na vumbi lake likawaangukia watu wa visiwa vya jirani, na askari 28 wa kituo cha hali ya hewa kisiwani Rongerik.

Je, kila askari alipata mionzi kiasi gani? Wengine walivaa kipande cha filamu kifuani, lakini mara nyingi filamu moja ilihesabiwa kwa kikosi kizima. Tena filamu haipimi vumbi alilovuta mtu kwa pumzi. Basi tangu 1978 maofisa walikadiria: nguvu ya mionzi ya mahali, mara saa alizokaa mtu pale. Daftari ya saa ikiwa mbovu, hesabu yote ni mbovu; sisi wa reli twalijua sana jambo hili. Mwaka 2003 wataalamu waliokagua kazi hiyo walikuta kwamba kiwango cha juu mara nyingi kiliwekwa chini mno.

Heri sheria ya 1988. Mgonjwa wa saratani iliyotajwa humo hakudaiwa tena kipimo. Alitakiwa kuonyesha tu kwamba alikuwako.