Malkia wa Sheba Alizaliwa Wapi?



Zamani hapa Usukumani, mtemi alipofariki, banang'oma, yaani wazee wa baraza la utemi waliotafuta mrithi, waliangalia kwanza upande wa mama. Kiti kilimwendea mtoto wa dada yake mtemi. Utaratibu huo ulibadilika sehemu nyingi, na mwaka 1963 utemi wenyewe ukafutwa kwa sheria, lakini ninyi wazee wa Kiloleli mliokaa safu ya mbele mnaujua kuliko mimi. Ndiyo maana nimeona niwaletee ninyi ugomvi wa Malkia wa Sheba, kwa sababu nao ni ugomvi wa ukoo wa mama.

Biblia yamtaja akimwendea Sulemani na dhahabu na manukato. Kurani yamtaja katika Sura an-Naml. Hakuna kitabu kati ya hivyo viwili kinachosema alizaliwa wapi, wala jina lake. Basi kila nchi ikajaza yake. Wayemeni humwita Bilkisi na kuonyesha magofu ya hekalu la Awwam huko Marib, ingawa katika maandishi mengi yaliyochongwa pale jina hilo halimo. Hata Nigeria, kijijini Oke-Eri, mahujaji huzuru kaburi la Bilikisu Sungbo wakiamini ndiye.

Ninachokipenda zaidi ni kisa cha Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, ambacho Mjerumani Enno Littmann alikichapisha mwaka 1904. Joka lilitawala nchi, likilishwa mabinti. Ikafika zamu ya msichana aitwaye Eteye Azeb, akafungwa mtini. Wakapita watakatifu wa Kikristo, wakaliua joka, na tone la damu yake likamwangukia msichana mguuni. Mguu ukageuka ukwato wa punda. Aliporudi nyumbani watu walimfukuza, wakidhani ametoroka. Walipouona mzoga wakamtawaza. Kwa Sulemani alikwenda kutafuta tiba ya mguu! (Watakatifu wa Kikristo kabla ya Kristo: msimulizi hakujali, nasi tusimsumbue.)

Huko huko Tigray, karibu na Aksum, wageni huonyeshwa jumba la Dungur kuwa la malkia huyo. Mwanaakiolojia Mfaransa Francis Anfray alilifukua miaka ya 1960, na jumba lenyewe ni la karne ya 6 au 7 baada ya Kristo. Sulemani anakadiriwa kuishi karne ya 10 kabla yake. Pengo ni miaka 1,500 hivi.

Kwa nini basi Waethiopia walimng'ang'ania malkia? Mwaka 1270 Yekuno Amlak aliwapokonya watawala wa ukoo wa Zagwe ufalme wa Ethiopia, na mnyang'anyi huhitaji ukoo. Karne iliyofuata kikaandikwa Kebra Nagast, kitabu kinachosema Makeda, malkia huyo, alimzalia Sulemani mwana, Menelik wa Kwanza. Baba alikuwa mfalme wa Yerusalemu, mbali. Kilichomfanya Menelik kuwa mrithi wa Ethiopia ni mama. Kama mama angekuwa wa Yemen, kiti kingekosa mguu mmoja. Banang'oma wangeelewa mara moja. Katiba ya 1955 ya mfalme Haile Selassie bado iliutaja ukoo huo, kama sheria.

Mwaka 1974 wanajeshi walimwondoa mfalme huyo na kuisimamisha katiba yake. Eteye Azeb hakuwahi kuandikwa katika katiba yoyote. Wanajeshi hawakuwa na kifungu cha kumfuta.