Programu Huria na Kumbukumbu za Umma: Ufunguo Ubaki kwa Nani?



Kila mwisho wa mwezi, zahanati hujumlisha takwimu kutoka vitabu vya MTUHA: akina mama waliojifungua, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria waliotibiwa. Takwimu hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, nao huisaidia wilaya kutambua kituo kinachohitaji kuongezewa nguvu. Mfumo huo ni programu huria.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maelekezo yanayoiendesha, uko wazi. Taasisi yoyote inaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Programu funge hutumika kwa ruhusa tu. Kampuni inayoimiliki ndiyo hupanga bei na masharti.

DHIS ilizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990, baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kuanguka, ili wilaya zitumie takwimu zake kupanga huduma badala ya kuzipeleka ngazi ya juu tu. Leo uendelezaji wake unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuuoanisha na mahitaji ya Tanzania. Chuo hicho ndicho kilichotoa, mwaka 2004, Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Haikuhitajika kuomba kibali cha kutafsiri, kwa kuwa leseni yenyewe iliruhusu.

Hata hivyo, huria si bure. Leseni hailipiwi, lakini mafunzo, vifaa, intaneti na wataalamu hugharimiwa. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufikia mwaka 2013 takriban kompyuta 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2014 akaingia meya mpya, na mwaka 2017 baraza likapiga kura kurejea Windows. Kazi ya miaka kumi iligeuzwa kwa uamuzi wa kikao. Mfumo husimama kwa utashi wa viongozi na umahiri wa watumishi.

Kwa hiyo, kabla ya mkataba wowote wa mfumo kutiwa saini, Waheshimiwa Madiwani wanayo haki ya kuuliza mambo matatu. Mkataba ukiisha, je, kumbukumbu za wananchi zitatolewa zikiwa zinasomeka katika mfumo mwingine? Nani ndani ya Halmashauri ataweza kuurekebisha? Na fedha za mafunzo zimetengwa katika bajeti ipi?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lililofungwa, na ufunguo ukawa kwa mtu mwingine, halina tofauti kubwa na daftari lisilokuwapo.