Tazama Mkuku Kwanza

Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Kibamba



Katibu aliniomba nizungumze juu ya mafanikio katika utumishi wa umma. Nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba mafanikio yameandikwa katika taarifa za ofisi, na anayeyataka atayakuta huko. Mimi nitasema juu ya jambo nililolifanya vibaya, nalo ni kununua jahazi kuukuu.

Naona wengine mnacheka. Ni kweli kwamba hapa Kibamba bahari haionekani. Barabara ya Morogoro inatupeleka bara, na pwani tumeipa mgongo. Lakini wengi wetu tuna ndugu Bagamoyo, Pangani, Mafia na Kilwa, na mtu akishapata mshahara wa kila mwezi, ndugu huja na mashauri. Mwaka 2019 mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye ni nahodha tangu ujana wake, alinijia na shauri moja. Alikuwa amechoka kuendesha vyombo vya watu. Kama ningepata fedha, tungenunua jahazi letu, yeye aliendeshe, na faida tugawane. Nikachukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo cha kazini, mkopo wa miezi 36.

Jahazi tulilionyeshwa katika kijiji kimoja cha pwani, kaskazini ya Dar es Salaam. Maji yalikuwa yamekupwa, nalo limelala mchangani kwa ubavu wake wa kushoto. Lilikuwa limepakwa rangi mpya, buluu juu na nyeupe chini. Mlingoti ulikuwa mzuri, foromali nzima, na tanga karibu jipya. Mimi nililipenda palepale, na huko kupenda ndiko kulikoniponza.

Tulikuwa tumefuatana na fundi mmoja mzee. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini amejenga na kutengeneza vyombo tangu kabla mimi sijazaliwa. Mzee yule hakuitazama rangi. Aliinama, akaupapasa mkuku kutoka omo hadi tezi. Akagonga mbao moja moja kwa nyundo ndogo, akisikiliza. Akachoma kwa ncha ya kisu pale mbao zinapokutana na mkuku. Mwisho akasimama, akasema:

"Mwanangu, ubavu huu nimeuona. Ule wa chini sijauona. Tungoje maji yajae, na yakipwa tena tulilaze kwa ubavu wa pili."

Nikamwuliza, "Mzee, itachukua muda gani?"

"Hata kesho asubuhi."

Ndugu zangu, siku hiyo ilikuwa Jumapili, na Jumatatu saa mbili nilikuwa na kikao. Nikasema moyoni kwamba kama ubavu mmoja ni mzima, wa pili una sababu gani ya kuwa mbovu? Nikalipa. Mzee hakubishana nami. Alifuta kisu chake, akakitia mfukoni.

Hapa niwaeleze vijana kidogo, maana walimu wetu walitufundisha Kanuni ya Archimedes, na mimi niliifaulu katika mtihani. Kanuni ile inaeleza kwa nini chombo huelea. Haielezi kitaanza kuvuja wapi. Jahazi limejengwa juu ya mti mmoja mkubwa, mkuku, unaokwenda urefu wote wa chombo chini kabisa. Juu yake husimama mataruma, ambayo ni mbavu za chombo, na juu ya mataruma hupigiliwa mbao. Mkuku mrefu hukifanya chombo kishike njia yake hata bahari ikichafuka, na hukiwezesha kulala pwani bila kuvunjika. Lakini mahali ubao wa kwanza unapoungana na mkuku ndipo maji ya ngama hukaa kwa ndani, mchanga husugua kwa nje, na misumari ya chuma huanza kuliwa na kutu. Tena yupo mdudu wa baharini, naye kwa hakika ni wa jamii ya kombe na chaza. Huingia katika ubao akiwa mdogo kuliko ncha ya sindano, akakua na kula ndani, na kwa nje ubao ukaonekana mzima. Ndiyo sababu wazee wa pwani, kila baada ya miezi michache, hukikwangua chombo, hukichoma kwa moto wa makuti makavu, wakakikalafati kwa pamba iliyotiwa mafuta, kisha wakakipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Chombo kilichokosa matunzo hayo kwa miaka miwili, rangi ya dukani haikiponyi. Inakificha tu.

Safari ya kwanza ilikwenda salama. Ya pili ilikuwa mwezi wa Julai, wakati wa kusi, kwenda Unguja na shehena ya mbao na magunia ya vitunguu. Chomboni walikuwamo watu watano. Katikati ya safari, upepo ulipozidi, ubao ule wa ubavu wa kushoto, usioonwa na mtu, ukaachia. Maji yakapanda katika ngama upesi kuliko walivyoweza kuyafua. Walitupa vitunguu, wakatupa mbao, wakavua mashati wakaziba ufa. Ndugu yangu akaligeuza jahazi kulielekeza kwenye fungu la mchanga, wakapanda nalo maji yakiwa magotini. Walilala pale usiku kucha, na asubuhi wavuvi wakawaona. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ofisini, juu ya kiti kikavu, nikitia saini majalada. Sikusubiri maji yapwe mara moja tu, na watu watano wakakaa usiku mzima wakisubiri kufa. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 19. Nilipokwenda kumtaka radhi mama yake, alinikaribisha, akanipa chai, wala hakuniambia neno baya. Afadhali angenitukana.

Nikarudi kwa yule fundi mzee. Sasa nilikuwa na muda wa kutosha. Alibadilisha mbao nne na mataruma mawili, akang'oa misumari yote ya upande ule, na kazi ikanigharimu karibu nusu ya bei niliyonunulia. Jahazi lingali linasafiri hadi leo. Ndugu yangu ndiye nahodha, na kila mara linapolazwa pwani mimi huomba likizo nikaenda kulitazama, pande zote mbili.

Siku zile za matengenezo nilisoma habari za baharia mmoja aitwaye Joshua Slocum. Alipewa bure chombo kibovu, Spray, kilichokuwa kimewekwa shambani huko Massachusetts, Marekani. Hakuanza na rangi. Alikata mwaloni, akachonga mkuku mpya, akakijenga chombo upya ubao kwa ubao kwa muda wa miezi 13, na vifaa vikamgharimu dola 553 na senti 62. Kisha, kati ya mwaka 1895 na 1898, akaizunguka dunia katika chombo hicho peke yake, akawa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Mkuku wake mrefu ulishika njia vizuri hata akaweza kufunga usukani na kulala.

Basi kwa yeyote miongoni mwenu atakayeshawishika kununua chombo kuukuu, nasema haya. Nenda wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yapwe mbali. Lione kwa ubavu wa kulia na wa kushoto, au lisimamishwe kwa ile miti ya kuegemeza iitwayo magadi. Ingia ngamani na tochi, utazame weusi unaozunguka misumari. Liingize majini, likae usiku mmoja bila kufuliwa maji, na asubuhi upime kilichoingia. Uliza nani mwenye chombo, maana majahazi mengi ni ya mirathi, na anayeuza huenda ni mmoja tu kati ya warithi saba. Wote waweke saini mbele ya mashahidi. Hakikisha usajili na ukaguzi, huku Bara kwa Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, na Zanzibar kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini. Weka akiba ya matengenezo kabla hujalipa bei. Na maboya ya kujiokolea yawe sawa na idadi ya watu, bila kupungua hata moja.

Zaidi ya yote, mchukue fundi, kisha umsikilize. Kumchukua nilimchukua.

Ninyi vijana mtapata vyeti, na wengi wenu mtakalia viti ambavyo uamuzi wake hubebwa na watu wengine walio mbali, chomboni, barabarani, zahanati. Siku hiyo mtu asiye na cheti atakuambia, "Tungoje hata kesho asubuhi." Ahirisha kikao, umngoje.