Mpanda Mbegu Ana Haki ya Mavuno



Tarehe 24 Aprili, 2017, katika mji mdogo wa Nyon nchini Uswisi, vijana wa klabu ya Salzburg ya Austria walikuwa nyuma kwa bao moja. Mbele yao walisimama vijana wa Benfica ya Ureno, klabu yenye sifa ya kulea wachezaji. Katika dakika ya 72 kijana mmoja wa Kiafrika alisawazisha. Dakika nne baadaye Salzburg walipata bao la pili, na kikombe cha Ligi ya Vijana ya Ulaya kikaenda Austria kwa mara ya kwanza. Kijana aliyesawazisha ni Patson Daka, mzaliwa wa Kafue katika nchi jirani ya Zambia.

Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 2013 na UEFA, chama kinachosimamia kandanda ya Ulaya, ambacho makao yake yako papo hapo Nyon. Wanaoshindana si timu za mataifa. Ni vijana wa chini ya miaka 19 wanaofundishwa na vilabu vya kulipwa katika shule zao za mpira. Kwanza ziliingia zile klabu ambazo timu zao za wakubwa zimo katika Ligi ya Mabingwa. Tangu mwaka 2015 mlango ulifunguliwa pia kwa mabingwa wa vijana wa nchi mbalimbali. Salzburg walipita katika mlango huo wa pili, wakazitoa Manchester City, Paris Saint-Germain, Atlético Madrid na Barcelona kabla ya kuikuta Benfica. Barcelona wenyewe wamekitwaa kikombe hicho mwaka 2014, 2018 na 2025, na Chelsea ya Uingereza mwaka 2015 na 2016.

Ushindi wa namna hiyo hauji kwa bahati. Barcelona walifungua bweni lao la vijana, La Masia, mwaka 1979, yaani miaka 35 kabla ya kushinda kikombe cha kwanza cha Nyon. Katika shule za namna hiyo mtoto hupewa mwalimu wa mpira, daktari, chakula cha kutosha na masomo ya darasani. Kazi hiyo hufanywa kwa mpango, mwaka baada ya mwaka, na kila hatua ya mtoto huandikwa.

Lakini Daka hakulelewa na Salzburg. Alikuzwa na Kafue Celtic, klabu ya nyumbani kwao. Mwezi mmoja na nusu kabla ya fainali ya Nyon, yaani tarehe 12 Machi, 2017, alifunga bao jijini Lusaka wakati Zambia ilipoilaza Senegal 2-0 na kutwaa ubingwa wa Afrika wa vijana wa chini ya miaka 20. Alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano yale. Katika kikosi cha vijana wa Salzburg msimu ule alikuwamo pia Amadou Haidara, aliyefunzwa mpira kwao Mali. Ni dhahiri, basi, kwamba sehemu ya mavuno yaliyohesabiwa Nyon ilipandwa katika ardhi ya Afrika.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni hadithi ya pamba na mkonge: mali ghafi husafirishwa kwa bei ya chini, na faida hubaki ng'ambo. Kauli hiyo ina ukweli wake. Watoto wengi wa Kiafrika wamewahi kudanganywa na mawakala, wakapelekwa Ulaya kwa ahadi za uongo na kutelekezwa mitaani. Kwa sababu ya maovu ya namna hiyo, kanuni za FIFA za mwaka 2001 zilipiga marufuku kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Daka mwenyewe alikwenda Austria baada ya kutimiza miaka 18. Maana ya kanuni hiyo ni kubwa: mpaka umri huo, mlezi halali wa mchezaji wa Kiafrika ni Afrika yenyewe.

Tena kanuni hizo hizo zinamtambua mlezi. Mchezaji anapouzwa kutoka klabu ya nchi moja hadi ya nchi nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, asilimia 5 ya malipo hutengwa kwa ajili ya vilabu vilivyomfunza kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa malezi kuanzia miaka 12 hadi 15 huhesabiwa robo ya asilimia moja. Kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 huhesabiwa nusu ya asilimia moja. Chukua mfano wa mchezaji anayeuzwa kwa Euro 10,000,000. Klabu ya mtaani iliyomlea kwa miaka minne ya kwanza, kutoka 12 hadi 15, inastahili Euro 100,000. Fedha hizo zinatosha kusawazisha kiwanja, kununua mipira na kulipa walimu kwa miaka mingi.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu Novemba 2022 kazi ya kukusanya na kugawa fedha hizo imekabidhiwa chombo maalumu cha FIFA kilichoko Paris. Chombo hicho hakiulizi ni nani aliyemnunulia mtoto viatu vyake vya kwanza, wala nani aliyemwondoa barabarani jioni. Husoma hati ya mchezaji, inayotokana na kumbukumbu za usajili za vyama vya mpira vya kila nchi. Klabu isiyosajiliwa haionekani katika hati hiyo. Mtoto asiyesajiliwa huhesabiwa kama mtu aliyeanza kucheza siku ile jina lake lilipoandikwa kwa mara ya kwanza, hata kama siku hiyo ana miaka 19.

Hapa ndipo Tanzania inapohusika. Mbegu ipo. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alifika Genk ya Ubelgiji mwaka 2016 na Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020. Lakini watoto wengi wa Kitanzania huonyesha vipaji vyao kwanza katika UMITASHUMTA na UMISSETA. Mashindano hayo ni mema na yanastahili kuenziwa. Hata hivyo shule si klabu. Mwanafunzi anayecheza kwa jina la shule peke yake humaliza miaka ile ya 12 hadi 15 pasipo klabu yoyote kuandikwa kuwa mlezi wake. Jasho la mwalimu na la mzazi huwa limemwagika, na hakuna karatasi inayolishuhudia.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele haihitaji kwanza bweni la fahari. Kila klabu ya kata na ijisajili. Kila mwalimu wa mpira na awe na daftari lenye jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, siku aliyojiunga na siku aliyoondoka. Shule na vilabu vya jirani vishirikiane ili mtoto anayechezea shule asajiliwe pia katika klabu. Umri usidanganywe, kwa maana anayepunguza miaka ya mtoto huiharibu hati yote, na mtoto mwenyewe hubeba aibu. Zaidi ya yote, masomo ya darasani yasiachwe. Hata katika zile shule tajiri za Ulaya, walio wengi hawafiki timu ya wakubwa, na kijana aliyeachwa bila elimu ameachwa bila kitu.

Ndugu, fainali ile ya Nyon ilichezwa kwa dakika 90. Malezi huchukua miaka kumi, na mengi ya malezi hayo hufanyika mbali na taa za kiwanja. Mwalimu anayewapanga watoto jioni katika kiwanja cha vumbi ni mkulima, na haki yake imekwisha kuandikwa katika kanuni. Iliyobaki ni kazi yake mwenyewe, na ya viongozi wanaomzunguka, kuiandika kazi hiyo tangu siku ya kwanza.