Hewa Izunguke, Isiingie: Utunzaji wa Sigaa katika Hoteli za Mwambao



Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie mzunguko wa hewa na udhibiti wa unyevu katika stoo za sigaa, kwa dakika arubaini. Kabla sijaanza, mwajiri wangu amenitaka niweke wazi mambo mawili. Kwanza, sisi ni mafundi wa viyoyozi na vyumba baridi; hatumhimizi mtu kuvuta, na madhara ya tumbaku hayana ubishi. Pili, nitakayoyasema ni maoni ya kitaalamu, si tathmini ya hoteli yoyote. Mtu akiiona stoo yake ndani ya mifano yangu, ni bahati mbaya tu. Ila anione wakati wa chai.

Maana ya maneno

Hapa sikawii. Sigaa ni majani ya tumbaku yaliyochachushwa na kusokotwa. Kamusi zina neno biri, lakini mwagize mhudumu wa baa akuletee biri uone atakavyokutazama. Unyevu wa hewa ni kiasi cha mvuke uliomo hewani ukilinganisha na kiasi cha juu kabisa ambacho hewa hiyo ingeweza kubeba kwa joto lilelile. Sigaa inataka asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21. Ikikauka, ganda linapasuka na moto unakimbia. Ikilowa, inaota ukungu. Chumba kikipata joto, mayai ya mende wa tumbaku, Lasioderma serricorne, yanaanguliwa, na funza wake hutoboa sigaa kama mtu aliyepita na sindano.

Masanduku ya sigaa hupigwa mbao za ndani za mti wa Cedrela odorata. Wauzaji huuita mwerezi, lakini si mwerezi. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini. Tunauagiza kwa bei ya kuumiza, na huku Kimboza, Morogoro, mti huohuo umevamia msitu wa hifadhi hadi watu wanahangaika kuung'oa. Hilo ni la semina nyingine.

Tatizo lenyewe

Tatizo langu mimi ni maneno matatu: "Ifungue ipate hewa."

Nimeyasikia kwa mameneja, kwa wahudumu, kwa mafundi wenzangu. Mara ya kwanza yalitoka kwa mtunza stoo mmoja, mzee wa heshima, katika hoteli ya pwani ya mashariki. Ilikuwa Aprili, masika imekaza. Nilikuta mlango wa chumba cha sigaa umezuiwa kwa kreti ya soda ubaki wazi, dirisha dogo limefunguliwa, na kiyoyozi kinaunguruma. Nikamuuliza, "Mzee wangu, mbona wazi?" Akanijibu kwa upole, "Fundi, kitu kisichopata hewa kinavunda." Alikuwa ametunza karafuu Pemba zaidi ya miaka ishirini, na kwa karafuu hakukosea. Ghala la karafuu, la mbata, la mahindi, yote tumefundishwa yapitishe hewa. Tukafungua sanduku la rafu ya chini. Sigaa zilikuwa na manyoya ya kijivu yanayoelekea kijani, na ukizigusa zinabonyea kama tende. Masanduku kumi na manne yaliondoka siku ile.

Mzee alitaka kujua kwa nini, na niliona haya kumpa jibu la mkato. Kwa hiyo nilimfanyia hesabu kwenye kipande cha boksi, na leo nairudia hapa.

Hewa ya nje kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 hubeba takriban gramu 23 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20, hata ikishiba kabisa, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 na kidogo. Na sisi hatuitaki ishibe. Tunaitaka asilimia 70, yaani gramu 12. Basi kila mita ya ujazo inayoingia kwa mlango ule inakuja na gramu kumi na moja hivi zisizo na mahali pa kukaa. Ni vijiko viwili vya chai. Ama kiyoyozi kiyakamate maji hayo na kuyamwaga nje kwa bomba, ama yatafute ukuta, kadibodi na jani la tumbaku. Mzee alikuwa anafungua dirisha ili chumba kikauke, kumbe anakimwagia maji kijiko baada ya kijiko.

Sigaa inahitaji hewa izunguke ndani, isiingie kutoka nje. Ni mambo mawili tofauti, na lugha yetu imeyafunga katika neno moja, "hewa". Kuzunguka ni hewa ileile kupita kati ya masanduku, unyevu wa rafu ya juu ulingane na wa rafu ya chini. Nimewahi kupima kabati moja la kioo lililoshindiliwa mpaka mlangoni: juu asilimia 62, chini 76. Mteja anayepewa sigaa ya juu analalamika imekauka, wa chini analalamika haiwaki, na meneja anahitimisha kwamba muuzaji ni mwizi. Feni ilikuwamo. Mtu alikuwa ameiegemezea sanduku.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya nchi za baridi. Cuba ni kisiwa cha joto, tena cha unyevu. Sigaa zikishasokotwa Havana hupumzishwa katika vyumba vinavyopozwa hadi nyuzi 16 au 18, kwa unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Hawazianiki barazani.

Sasa niseme la mafundi wenzangu, maana wapo humu. Chumba cha mita tatu kwa tatu mnakifungia kiyoyozi cha BTU 18,000 kwa sababu ndicho kilichobaki stoo. Kinapoza kwa dakika tano kisha kinazima, kabla hakijapata muda wa kukamua maji. Matokeo ni chumba baridi na kilicholowa, na hicho ni kibaya kuliko chumba cha joto. Halafu saa nne usiku mtu anapita kukizima ili kuokoa umeme. Nimeliandikia hili ripoti nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Jibu huwa ni kwamba limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Mapendekezo

Mlango ufungwe. Naanza na hilo na nitarudi kwake. Atakayeingia aingie na orodha mkononi, achukue, atoke. Ukingo wa mlango uwe na mpira mzima. Upimeni kwa kubana noti ya karatasi, ikichomoka bila kukwama, badilisheni mpira.

Kiyoyozi kiwe kidogo kinachofanya kazi muda mrefu, si kikubwa kinachoshtuka na kulala. Kama bajeti inaruhusu, ongezeni mashine ya kukausha hewa, na bomba lake liishie nje. Niliwahi kukuta limeishia kwenye ndoo ndani ya chumba kilekile.

Masanduku yasigusane na ukuta. Vidole viwili vinatosha. Msijaze kabati zaidi ya robo tatu. Feni ndogo kama ya kompyuta iwashwe dakika chache kila saa, ielekezwe kwenye nafasi wazi, isipulize sigaa moja kwa moja. Kila mwezi ya juu yashuke, ya chini yapande. Na, narudia, hakuna haja ya kufungua mlango ili feni ipate hewa. Hewa inayo.

Sponji za kijani zinazokuja na masanduku zitoeni. Zinafaa nyumba za Ulaya wakati wa baridi, hewa inapokauka. Huku kwetu mnamnywesha mtu aliyezama. Tumieni pakiti za unyevu za pande mbili, zile zinazotoa na kufyonza, na mchague za asilimia 65. Anayelazimika kuongeza maji kwenye kabati lililokauka kwa kiyoyozi atumie maji yaliyotoneshwa, si ya bomba na si ya kisima cha chumvi. "Maji ya betri" ya gereji msiyaamini, kwa sababu mengine yana asidi na chupa zinafanana.

Mzigo mpya msioujua ulikotoka ufungwe mara mbili kwenye mifuko, ukae friza nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku tatu, kisha siku moja friji ya kawaida, ndipo uje chumbani, mfuko ungali umefungwa. Iwe friza yake peke yake. Tumbaku inavuta harufu, na sigaa yenye harufu ya pweza nimeikuta.

Msikimbizane na kipimo. Sigaa iliyo ndani ya sanduku hubadilika kwa siku na wiki, si kwa saa. Andikeni usomaji asubuhi na jioni kwenye daftari, muangalie wiki nzima inasemaje. Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kutofungua mlango kwenda kuangalia.

Mwisho ni vipima unyevu, maana ushauri wote huu unavitegemea na vingi vinadanganya. Cha hapa mezani nililetewa jana na mmoja wenu. Nilijaza kifuniko cha soda chumvi ya jikoni, nikadondosha maji hadi ikawa kama uji mzito usiotiririka, nikaviweka pamoja ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, nikaviacha usiku kucha. Chumvi ikilowa namna hiyo huituliza hewa ya mfuko kwenye asilimia 75, haipandi wala haishuki. Asubuhi hii kipima kinasoma 67. Maana yake kinapunguza nane: stoo iliyosoma 68 miezi yote hii ilikuwa 76. Nimebandika plasta mgongoni mwake na kuandika "ongeza 8". Mwenyewe aje akichukue, na kabla ya chakula cha mchana apige simu hotelini wafungue sanduku la rafu ya chini.