Mwenye Mali na Wakala wa Forodha

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mali inunuliwayo nchi jirani, na za mtu yule tunayemkabidhi karatasi zetu ili aitoe forodhani. Wengi hudhani kwamba wakiisha kumlipa wakala, kazi imekwisha na lawama imehamia kwake. Sivyo, nasi tulijifunza hayo kwa hasara.

Sisi ni wakulima wa maharage, si mbali na Arusha. Mwaka 2019 tulichanga fedha, kila nyumba kwa kadiri yake, tukanunua pampu ya maji katika duka moja la Nairobi. Pampu ilipofika mpakani Namanga, alitujia mtu mmoja nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni, akasema yeye ni wakala, na kwamba atatutolea mali yetu siku ile ile kwa nusu ya ujira wa wengine. Hatukumwuliza leseni. Kumbe alikuwa mmoja wa wale ambao kwetu Tanzania huitwa vishoka. Tukampa ankara ya duka, na fedha za kodi tukamtia mkononi. Naye akatengeneza ankara nyingine yenye bei ndogo, akaipitisha kwa jina letu kwa kuazima namba ya wakala mwingine, na fedha zilizosalia akazila. Afisa wa forodha alipoitazama pampu aliona haipatani kabisa na bei iliyoandikwa. Ikazuiliwa. Yule bwana hatukumwona tena.

Tulipolalamika kwamba si sisi tulioandika uongo, afisa alitueleza sheria kwa upole. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, yasema kwamba wakala aliyeidhinishwa huhesabiwa kana kwamba yeye ndiye mwenye mali, naye aweza kudaiwa kodi. Lakini mwenye mali hafunguliwi kwa sababu hiyo, bali hujibu kwa matendo ya wakala wake na kwa yote aliyoyaandika. Na adhabu ya hati ya uongo si ndogo: mahakama yaweza kumtoza mtu faini hata dola 10,000 za Marekani, au kumfunga hata miaka 3. Sisi tulikiri kwa maandishi, shauri likamalizwa bila mahakama, tukalipa kodi iliyopungua na faini juu yake. Pampu ilipofika shambani, maharage yalikuwa yamekwisha kukauka.

Basi kazi ya wakala wa kweli ni nini? Si kubeba karatasi tu. Kila bidhaa duniani ina fungu lake katika orodha ya ushuru, na katika Jumuiya yetu fungu hilo huandikwa kwa tarakimu 8. Akikosea fungu, ushuru hubadilika, kwa kuwa tangu Julai 2022 viwango vikubwa vya ushuru wa pamoja ni vinne: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35. Tena yampasa kujua mali ilitengenezwa wapi. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, maana husema, "Nimenunua Nairobi, basi ni mali ya Jumuiya." Duka la Nairobi laweza kuuza pampu iliyotengenezwa China, na kitu hakipati asili kwa kukaa dukani.

Hesabu yenyewe si ya siri. Tuseme bidhaa imenunuliwa kwa shilingi 1,000,000, uchukuzi ni 80,000 na bima 20,000. Ushuru hauhesabiwi juu ya bei ya dukani peke yake, bali juu ya jumla, yaani 1,100,000. Ikiwa kiwango ni asilimia 25, ushuru ni 275,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18, hutozwa juu ya 1,375,000, nayo ni 247,500. Hizo ni shilingi 522,500, mbali na tozo nyingine ndogo na ujira wa wakala. Mtu akikuahidi kutoa mali hiyo kwa shilingi 200,000 zote pamoja, mwulize zilizosalia atalipa nani.

Leseni ya wakala hutolewa na Kamishna wa Forodha, nayo hukoma tarehe 31 Desemba ya kila mwaka. Kwa hiyo karatasi ya mwaka jana, hata ikiwa na mhuri mzuri, haifai. Mwombe akuonyeshe ya mwaka huu, kisha uliza ofisi ya mapato kama jina hilo limo katika orodha yao. Mpe idhini kwa maandishi, ukitaja mali ile ile na si zaidi. Kodi ulipe mwenyewe benki, kwa hati ya malipo yenye namba. Wakala umpe ujira wake tu. Na nakala ya hati aliyoipeleka forodhani uisome kabla ya kuiweka sandukuni. Sisi hatukuisoma.

Haifai tuwatishe mama zetu wauzao vitunguu na nafaka mpakani. Mali iliyozalishwa katika nchi za Jumuiya, isiyozidi thamani ya dola 2,000, yaweza kupewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, na mwenyewe akaishughulikia bila wakala. Anayewadai ujira kwa cheti hicho awaache.

Mwaka 2023 tulinunua mabomba, nayo yakapitia Namanga vile vile. Safari hii tulikwenda kwanza ofisi ya mapato Arusha kuuliza jina la wakala, ndipo tukamwandikia barua. Ujira wake ulikuwa mkubwa kuliko wa yule bwana wa kalamu mbili, na wazee wawili wa chama walinung'unika. Mabomba yalitoka siku ya tatu. Stakabadhi ya benki na nakala ya hati zimo katika sanduku la mweka hazina, na kila mwanachama aweza kuzitazama.