Mwenye Hofu Asiachwe Nyuma: Mhadhara wa Umma kuhusu Wito na Woga katika Maisha ya Kikristo



Mhadhara huu umezaliwa na ubishi. Katika mkutano mmoja wa wanazuoni wa dini, mwenzangu ambaye sitamtaja jina alisema kwamba hofu tunayoisoma katika simulizi za wito, kuanzia Musa hadi shuhuda za walokole wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ni pambo la usimulizi tu. Mwitwa hukataa kwanza, alisema, kwa sababu kanuni ya masimulizi inamtaka akatae. Kwa hiyo mwanahistoria makini aivue hofu hiyo, aitupe, kisha atafute sababu halisi zilizompeleka mtu kwenye utumishi: shule, posho, baiskeli, heshima ya kijiji. Ukumbi ulimpigia makofi. Mimi sikupiga, na leo nataka kueleza kwa nini.

Historia ya jumla ya Uamsho huo sitairudia. Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, Blasio Kigozi na Joe Church, namna Uamsho ulivyovuka mto Kagera na kufika Katoke, hayo mnayajua. Wengi wenu mmelelewa ndani yake. Askofu Josiah Kibira na Kardinali Laurian Rugambwa, wana wa mkoa huu wa Kagera, wameandikwa na wengine kwa kirefu. Nakwenda moja kwa moja penye ubishi.

Hoja ya mwenzangu ina ukoo wa heshima. Mwaka 1965 mwanazuoni wa Biblia Norman Habel alichapisha makala iliyoonyesha kwamba simulizi za wito katika Agano la Kale zina hatua sita: Mungu humkabili mtu, hutanguliza neno, hutoa agizo, mtu huleta pingamizi, Mungu humhakikishia, kisha hutoa ishara. Ni uchunguzi mzuri, nami huufundisha. Lakini Habel mwenyewe alilinganisha muundo huo na desturi ya wajumbe, akitupeleka kwenye Mwanzo 24, mtumishi wa Abrahamu anapotumwa kumtafutia Isaka mke. Mtumishi yule anauliza: je, mwanamke akikataa kunifuata? Hilo ni swali la mtu anayejua kwamba safari ni ndefu na kwamba yeye ndiye atakayewajibika ikishindikana. Ukilisoma kama pambo, umemsoma mjumbe bila kuifikiria safari yake.

Tuseme kanuni ipo. Je, kanuni inathibitisha uongo? Hapa Ngara tuna desturi ya kulia msibani. Watu hujua waingie vipi uani, waanze wapi, nani apokee kilio. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba kwa kuwa kilio kina utaratibu, basi mjane halii kweli. Utaratibu umempa uchungu wake njia ya kupita. Vivyo hivyo masimulizi ya wito: jamii iliyoona waitwa wengi wakitetemeka ilijifunza namna ya kulisimulia tetemeko.

Tena, kama hofu ingekuwa pambo, ingefanana kila mahali. Lakini tazameni. Musa analeta pingamizi tano, na la nne linahusu ulimi wake mzito. Gideoni anataja ukoo wake dhaifu katika Manase na udogo wake nyumbani kwa baba yake. Yeremia anataja umri. Isaya anavunja utaratibu kabisa: kilio chake kinatangulia agizo, na agizo linapofika anajitolea mwenyewe. Na Yona? Yona hatoi pingamizi lolote. Anashuka Yafa, anatafuta merikebu ya Tarshishi, analipa nauli. Sababu yake tunaijua katika sura ya nne tu, pale anapokiri alichokihofu: kwamba Mungu ni mwenye rehema na angewasamehe watu wa Ninawi. Kanuni gani ya usimulizi ingemfundisha mtu kuogopa hivyo?

Sasa nifike kwenye hoja ninayoiona ndiyo nzito kuliko zote. Katika hatua sita za Habel, pingamizi hutokea mwanzoni. Uhakikisho unakuja, ishara inatolewa, mwitwa anaondoka. Maisha ya waitwa hayako hivyo. Eliya anaomba kufa chini ya mretemu baada ya ushindi wa Karmeli. Yeremia analalamika kwa uchungu katika sura ya ishirini, miaka mingi baada ya kukubali. Hofu kubwa huja baada ya kuitika, mtu akiwa ameshafika, ameshaona watu, ameshajua bei. Muundo wa hadithi hauna mahali pa kuiweka hofu hiyo. Na hiyo ndiyo ninayoikuta katika shahidi ninayempenda kuliko wote, Apolo Kivebulaya.

Apolo alikuwa Mganda, alibatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata alikubali kwenda Boga, ng'ambo ya mto Semliki, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Alichukua jembe, ili alime chakula chake mwenyewe. Nawaomba wanafunzi walitazame jembe hilo kwa makini. Mtu anayetafuta posho na heshima ya kijiji habebi jembe. Hulibeba anayetazamia kwamba huko aendako huenda asilishwe na mtu. Apolo alipiga hesabu ya hatari kabla ya kuondoka, na bado aliondoka.

Huko Boga alipambana na mtawala Tabaro, aliyemchukia kwa mafundisho yake. Kisha dada wa Tabaro akafa kwa mkuki katika ajali, Apolo akashutumiwa, akakamatwa na kupelekwa Fort Portal kufungwa. Apolo alisimulia kwamba katika siku zile za mateso Kristo alimtokea akiwa na mng'ao wa jua, akamwambia ajipe moyo, awahubirie watu wake na asiogope. Tafakarini mahali neno hilo linapokaa. Anayeambiwa asiogope si kijana anayesitasita Uganda akipima kama aende. Ni mwinjilisti aliyeshafika, aliyeshafundisha, aliyeshapigwa. Mwenye kupamba hadithi angeiweka hofu mlangoni, shujaa aishinde, kisha aingie akiwa mkamilifu. Ushuhuda wa Apolo unaiweka hofu katikati ya kazi.

Na alirudi Boga. Alifunguliwa, Tabaro mwenyewe hatimaye akaamini. Apolo aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903, na miaka yake ya mwisho aliitumia Boga akiwafikia watu wa msitu wa Ituri. Alifariki huko tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, tofauti na desturi. Mmisionari A. B. Lloyd aliandika kitabu juu yake mwaka 1923, Apolo akiwa bado hai, na waandishi wa kimisionari wa zama zile walipenda sana mashujaa. Hata hivyo hofu ya Apolo haikufutika kwenye ushuhuda. Imebaki kwa sababu ilikuwepo.

Mniwie radhi nitaje la nyumbani. Babu yangu mzaa mama, hapa hapa Mabawe, alichaguliwa na wazee wa kanisa awe mwinjilisti. Alipowaona wakipanda mlima kuja kwake, aliingia kwenye migomba akajificha hadi jua lilipozama. Wazee wakakaa uani wakingoja, hawakuondoka. Alipotoka, mzee mmoja alimwambia kwamba Jumapili ya kwanza angesimama naye mbele, bega kwa bega. Akakubali. Nilimuuliza nikiwa kijana hofu ile iliisha lini. Akanijibu kwamba haikuisha, ila kazi ilianza. Jibu hilo limenifundisha theolojia ya wito kuliko vitabu vingi.

Nje ya Afrika Mashariki, shahidi mmoja atatosha. Mwishoni mwa mwaka 361, Gregori wa Nazianzo alipewa upadre na baba yake mzazi aliyekuwa askofu. Akakimbilia Ponto kwa rafiki yake Basili, akarudi kufikia Pasaka ya 362, kisha akaandika utetezi mrefu wa kukimbia kwake. Humo anampitia Yona kwa kina, na anaeleza jinsi alivyosimama kati ya hofu mbili: hofu ya kuwaongoza watu na hofu ya kutotii. Hakungoja hofu ziishe. Alizipima, akaifuata ile iliyompeleka kwenye utii.

Kuna wahubiri watakaofurahi nikimpinga mwanazuoni yule, wakidhani niko upande wao. Siko. Wao hufundisha kwamba aliyeitwa kweli haogopi, na kwamba woga ni dalili ya kukosa upako. Mwanazuoni yule na wahubiri hao wamekutana mahali pamoja: wote wanamnyima mwitwa hofu yake. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba alifika kwao katika udhaifu, hofu na kutetemeka kwingi. Nasi hapa tuna ya kwetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia wilaya hii. Katika kambi ya Benaco walikuwepo waliokimbia mauaji na baadhi ya walioyatenda. Mtumishi aliyeingia kambini bila hofu hakuwa ameelewa alikoingia.

Lakini haki itendeke: si kila hofu ni takatifu. Musa alipojibiwa yote na bado akaomba atumwe mwingine, hasira ya Mungu iliwaka. Upo woga unaogeuka kuwa ukaidi. Ila tazameni hasira ile ilizaa nini: agizo halikuondolewa, na Haruni akaongezwa. Wala ujasiri haupimwi kwa kubaki au kuondoka. Askofu Mkuu Janani Luwum alibaki Uganda chini ya utawala wa Idi Amin, akauawa tarehe 16 Februari 1977. Siku chache baadaye Askofu Festo Kivengere na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku kuingia Rwanda. Mwaka huo huo Kivengere alichapisha kitabu cha kumsamehe Idi Amin, na utawala ule ulipoanguka mwaka 1979 alirudi kwa watu wake Kigezi. Atakayempandisha Luwum kwa kumshusha Kivengere amesahau kwamba Bwana mwenyewe aliwaruhusu wanafunzi wake kuukimbia mji mmoja kwenda mwingine.

Nimepima pande zote, na msimamo wangu ni ule ule: hofu, katika mtu asiyekataa kusikiliza, ni ushahidi kwamba ameusikia wito na kuuelewa uzito wake. Basi nawasihi mnaowapima vijana kwa ajili ya utumishi. Anayekuja mbele yenu bila hofu yoyote, mwulizeni maswali zaidi na msiharakishe kumwekea mikono. Anayekuja akitetemeka, msimrudishe nyumbani. Mpeni mtu wa kusimama naye bega kwa bega, kisha mtumeni.